VIZA NI HODI: TUIJUE AINA YAKE KABLA YA SAFARI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, kila mwaka baadhi ya wazee wetu huja madrasa na karatasi za safari wakitaka tuwasomee, kwa kuwa zina Kiarabu. Tumeona ni vyema mwaka huu tulieleze jambo hili katika jarida letu, kwa sababu lilitokea jambo lililotuhuzunisha.

Mzee mmoja wa hapa Igunga aliuza ng'ombe na magunia ya mpunga ili atimize nguzo ya tano. Ilikuwa miezi michache kabla ya Hijja ya mwaka 1445, yaani Juni 2024. Alituletea karatasi ya viza aliyopewa na mtu aliyemkabidhi fedha zake. Tulimpa mwanafunzi wa darasa la juu aisome. Akasoma jina, namba ya pasipoti, kisha akafika mstari wa aina ya viza. Pameandikwa: ziyara.

Mzee akafurahi. Akasema, "Alhamdulillah, ziyara pia nitafanya, nitamzuru Mtume wetu."

Hapo ndipo tulipoona mtego ulipo. Sisi Waswahili tukisema ziyara tunakusudia kwenda Madina kuzuru Msikiti wa Mtume (s.a.w.) na kumsalimia. Lakini katika karatasi ya viza, ziyara maana yake ni matembezi: mtu anakwenda kumwona ndugu yake au kwa shughuli ya muda mfupi. Siyo viza ya Hijja. Mzee wetu alikuwa amelipia Hijja akapewa matembezi. Alirudishiwa sehemu tu ya fedha zake, na mwaka ule hakwenda.

Viza ni nini?

Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu. Uislamu umetufundisha adabu hii zamani. Katika Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Viza ni hodi ya aina hiyo. Mwenye nyumba anauliza, "Nani, na umekuja kwa jambo gani?" Nasi tunapaswa kujibu kwa kweli.

Hata babu zetu wa Unyamwezi waliijua hodi hii. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikupita katika nchi za watemi bila kulipa hongo. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, ukilipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, hata Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Leo neno hongo limebaki na maana ya rushwa. Basi tutofautishe: ada ya viza inayolipwa kwa stakabadhi ni halali, ama hongo ya leo ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji.

Aina za viza

Siyo kila nchi inatudai viza. Mtanzania anaingia Kenya au Uganda bila viza kwa matembezi. Lakini Saudi Arabia, Oman na Misri, ambako watu wetu wengi huenda, ruhusa inahitajika, na kila safari ina viza yake:

1. Viza ya Hijja. Hii hutolewa kwa msimu maalumu, na huku kwetu hupatikana kupitia taasisi za Hijja zinazotambuliwa. Ndiyo pekee inayomruhusu mgeni kutoka nje kuhiji.

2. Viza ya Umra. Inaruhusu Umra na kuzuru Madina. Hairuhusu Hijja, na mwenye nayo hutakiwa kuondoka kabla ya msimu wa Hijja.

3. Viza ya matembezi, ndiyo hiyo ziyara. Mwenye nayo haruhusiwi kuhiji wala kufanya kazi.

4. Viza ya masomo. Kwanza mwanafunzi hukubaliwa na chuo, kama vile Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina au Al-Azhar ya Cairo, kisha ndipo viza huombwa kwa barua ya chuo.

5. Viza ya kazi. Katika nchi za Ghuba hii hufungamana na mwajiri, na hutanguliwa na mkataba wa kazi. Kijana anayepelekwa kazini kwa viza ya matembezi hana mkataba unaotambuliwa, na akidhulumiwa mshahara huogopa hata kwenda polisi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania huko Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza kunyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara. Dada zetu waende kupitia wakala mwenye leseni ya serikali, na mkataba usomwe kabla ya kusainiwa.

Kwa nini aina ni muhimu?

Wako wanaosema, "Muhimu ni kufika, Mungu anajua nia yangu." Ndugu zangu, tujifunze kwa yaliyotokea. Katika Hijja ya mwaka 2024 joto la Makka lilizidi nyuzi 50. Serikali ya Saudia ilitangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki, na asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha Hijja. Asiye na kibali hana hema Mina, hana basi, hana kiyoyozi. Hutembea masafa marefu juani, na akiugua hana kiongozi wa kumtafuta. Tunawaombea marehemu wote rehema za Allah. Lakini mzee wetu angekuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo.

Kabla ya Hijja ile, Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia lilitoa fatwa kuwa kuhiji bila kibali hakufai na anayefanya hivyo anapata dhambi. Mwaka 2025 faini ya kuhiji bila kibali ilifikia riyali 20,000. Nayo aya ya 97 ya Surat Al-Imran imeifaradhisha Hijja kwa mwenye uwezo wa njia. Asiyepata ruhusa bado hajapata njia, na hana lawama. Nia njema haiwi njema kwa kusema uongo mlangoni.

Hatua za kufuata

Kwanza, pata pasipoti mapema. Maombi hujazwa katika mtandao wa Idara ya Uhamiaji, na ofisi ya mkoa wetu ipo Tabora mjini. Andaa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Hakikisha majina yanafanana katika karatasi zote. Ramadhani wa cheti na Ramadhan wa kitambulisho wanaweza kukucheleweshea safari.

Pili, pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita.

Tatu, amua kwa kweli unakwenda kufanya nini, kisha omba viza ya jambo hilo.

Nne, wahi chanjo. Wanaokwenda Hijja na Umra hutakiwa kuchanjwa homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kufika.

Tano, usitoe fedha bila stakabadhi, na usimwachie dalali pasipoti yako bila maandishi.

Sita, viza ikitoka, isome. Linganisha jina, namba ya pasipoti, aina, tarehe na muda wa kukaa. Viza ya Saudia unaweza kuihakiki katika tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo.

Wanafunzi wetu, hapa ndipo elimu yenu inapohitajika. Mnajifunza Kiarabu ili muifahamu Qur'ani, na hilo ndilo kubwa. Lakini mkiona babu au bibi ameshika karatasi ya safari, msomeeni. Tafuteni maneno nauu at-ta'shira, yaani aina ya viza, kisha mtazame mbele yake pameandikwa hajj, umra, ziyara, amal au dirasa. Neno moja tu linaweza kuokoa mali ya miaka mingi, na pengine uhai.

Mzee wetu yupo, na ameanza tena kuweka akiba. Tumuombee Allah amfungulie njia ya halali, na atujaalie sote kuizuru Nyumba Yake tukiwa tumebisha hodi na kuruhusiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.