Lisemwalo Lipo? Tasnifu, Slufo na Historia ya Mbulu

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Wengi huishika nusu ya kwanza. Mtafiti wa historia inampasa aiogope nusu ya pili. Katika nyanda za juu za Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, nchi ya Tlawi na Kainam, husimuliwa kwamba Wairaqw walitoka Iraq, na ushahidi unaotangulizwa ni jina lenyewe. Mwaka 1998 mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, alichapisha makala katika jarida la Ethnology akiifuatilia simulizi hiyo hatua kwa hatua. Ilianza kama dhana ya wageni walioandika juu ya watu hawa. Dhana ikaandikwa, ikasomwa, ikapenya katika mazungumzo ya wenyeji, na hatimaye ikasimuliwa kama mapokeo ya wazee. Mtafiti anayefika baadaye huichukua kinywani mwa mzee na kuiandika kuwa ushahidi wa dhana ileile ya kwanza. Maji yaliyomwagwa na mgeni huchotwa na mgeni mwingine, yakaitwa chemchemi. Jambo halikuwepo, likaja.

Kisa hicho kinaeleza kazi ya shahada ya uzamili na uzamivu katika historia vizuri kuliko mwongozo wa chuo. Wengi hudhani kuandika tasnifu ni kukusanya: mahojiano yakitosha, na majalada ya Nyaraka za Taifa yakitosha, kitabu kimeiva. Lakini siku ya utetezi mtahini hashangazwi na wingi wa ulichokusanya. Anauliza umejuaje, aliyekuambia alijuaje, na huyo naye alitoa wapi. Hoja ya makala haya ni kwamba thamani ya utafiti wa namna hii imo katika kulipima lile ambalo kila mtu anadhani analijua tayari. Na kwa nchi kama Mbulu, halipimiki kwa ushahidi wa aina moja. Siasa, biashara na fasihi, ambazo vyuo vimezigawa katika idara tatu, zilikuwa maisha ya watu walewale, na moja hushuhudia pale nyingine inaponyamaza.

Tuanze na jina na lugha, kwa kuwa ndipo simulizi ya Iraq ilipojiegemeza. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Ndugu zake wa karibu ni Kigorowa cha upande wa Babati, pamoja na Kialagwa na Kiburunge cha upande wa Kondoa. Ndugu wa mbali zaidi wako Pembe ya Afrika. Sarufi iliyoandikwa na Maarten Mous na kuchapishwa mwaka 1993 inaonyesha sauti ambazo masikio ya Kiswahili hayakuzizoea. Ile tl ya Tlawi ni sauti moja, inayofyatuliwa pembeni mwa ulimi huku koo limefungwa. Anayetamka “Tilawi” tayari ameshaivunja. Katika jina Irqwa Da/aw, mkwaju ule unaokata neno katikati ni herufi kamili, na sauti yake hutoka kooni kama ain ya Kiarabu. Mwenye haraka angeirukia ain hiyo na kutangaza kwamba Iraq imethibitika. Lakini ain imo katika Kisomali pia, na wanaisimu hawahukumu kwa sauti moja wala kwa jina moja. Hulinganisha mfumo mzima: viambishi, minyambuliko ya vitenzi, msamiati wa msingi. Mfumo huo unakiweka Kiiraqw kwenye tawi la Kikushi. Ni kweli Kikushi na Kiarabu ni matawi ya mti mmoja wa kale, lakini yaliachana maelfu ya miaka kabla ya kuwepo nchi iitwayo Iraq.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, kwa sababu wasomi wenyewe ndio walioshikilia jambo. Irqwa Da/aw, kitovu cha Wairaqw upande wa Kainam, imesifika tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwa kilimo chake makini: samadi ya ng'ombe wanaolala zizini hubebwa hadi shambani, miteremko hupigwa matuta, mabonde yenye maji hukatwa mifereji yakalimika. Kwa nini watu walijitesa hivyo, na nchi pana iko pande zote? Jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba walizingirwa. Wafugaji wenye mikuki, Wamasai na Wadatoga, waliwabana mlimani. Watu wakaongezeka, ardhi haikuongezeka, wakalazimika kulima kwa bidii. Nyumba za zamani zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, paa likalingana na ardhi, zilitajwa kama alama ya hofu hiyo. Mwaka 2004 Lowe Börjeson aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stockholm, A History under Siege, akaipima nadharia tete hiyo kwa kuunganisha uchunguzi wa ardhi yenyewe, nyaraka na masimulizi ya wakulima. Akaona haibebi mzigo iliyotwishwa. Kilimo kile kilijengeka kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Tuta la babu lilimrahisishia mjukuu kupiga tuta jingine. Jasho lililokwisha kuwekwa udongoni lilikuwa sababu ya kuongeza jasho.

Mtetezi wa nadharia ya zamani atasema mashambulizi yalikuwepo, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo kushambuliwa ni jambo moja na kuzingirwa ni jingine, na hili la pili ndilo linalodai ushahidi. Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua mifugo na kuwavunja nguvu Wamasai. Mwaka 1892 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro na Mbulu, aliwakuta wakifa njaa. Katika karne ya 20 Wairaqw walienea hadi Karatu na Hanang. Kama mzingiro ndio uliozaa matuta na mifereji, lango lilipofunguka bidii ingelegea. Wapo waliohama, lakini waliobaki Kainam hawakuacha samadi wala mifereji, na hadi leo hawajaacha. Sababu inapoondoka na matokeo yakabaki, mtafiti analazimika kutafuta sababu nyingine.

Hapo ndipo biashara inapoingia, na ndipo panapoonekana udhaifu wa kutegemea karatasi peke yake. Misafara ya pembe za ndovu iliyopita Kondoa Irangi na Mbugwe iliandikwa, kwa kuwa nyuma yake walikuwepo wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar, wenye mikopo, hesabu na barua. Mkulima wa mlimani aliyebadilisha nafaka kwa mbuzi wa Mdatoga hakuandika risiti. Mfugaji alihitaji nafaka mwaka wa ukame, mkulima alihitaji mifugo, na wahunzi wa Kidatoga walikuwa na bidhaa zilizotakiwa na wote wawili. Jirani aliyeiba ng'ombe msimu huu aliweza kurudi msimu ujao na ngozi za kubadilisha. Kinachosalia kwenye majalada ni misafara na vita, basi asomaye majalada tu huiona Mbulu kama kisiwa kilichozungukwa na maadui. Hata maneno ya majalada yana upande wake. Wadatoga waliandikwa mara nyingi “Mang'ati”, neno la Kimasai la kumwita adui. Karani aliyelinakili pengine alidhani anaandika jina la kabila. Kumbe aliingiza ugomvi wa Wamasai kwenye kumbukumbu za serikali, na mtafiti asiyejua hilo huukuta uadui ndani ya jina kabla hajafungua jalada.

Kwenye siasa kosa huja kwa sura nyingine. Wajerumani, kisha Waingereza, walitaka chifu wa kuagizwa na kukusanya kodi, na pale asipokuwepo walimweka. Majalada yao yamejaa habari za machifu, na msomaji huweza kuamini kwamba siasa ya Mbulu ilianza walipoanza wao. Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu nafasi, wakati na utamaduni wa Wairaqw, alionyesha kwamba utaratibu wa kale ulijengwa juu ya mahali. Uliegemea aya, yaani eneo lenye mipaka yake, wazee wake na matambiko ya kulinda mipaka hiyo. Utawala wa namna hiyo hauachi hati ya kutawazwa. Unaacha maneno, na kati ya maneno hayo lenye uzito kuliko yote ni slufo.

Slufo ni dua yenye sanaa ya ushairi. Mzee anayejua kunena huitoa mbele ya kusanyiko, naye kusanyiko humwitikia. Huombwa mvua, afya, uzazi na mifugo. Humtaja Lo'a, Mungu anayesemwa kwa jinsia ya kike, na neetlaangw, pepo wa mito na chemchemi. Mwanafasihi akiichukua slufo kwa uzuri wake tu, atahesabu takriri na tashbihi akafunga daftari. Mwanahistoria akiipuuza kwa kuwa ni sala, atapoteza hati ya siasa. Maana tazama inavyofanya kazi: watu wasio na mfalme wanakubali kwa sauti moja nini ni jema kwa nchi yao, na kila kiitikio ni kama saini. Rose Marie Beck na Maarten Mous waliandika mwaka 2014 juu ya slufo na nguvu ya usemi, na kichwa hicho kimegonga penyewe. Mahali ambapo jalada la mkoloni halikuona serikali, usemi ulikuwa sehemu ya serikali.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote linajulikana: fasihi simulizi hubadilika kila inaposemwa, itakuwaje ushahidi? Jan Vansina alilijibu mwaka 1961 kwa kuonyesha kwamba mapokeo yana taratibu zake za kupokezana, na yanaweza kuhakikiwa kama hati nyingine yoyote. Isaria Kimambo alifuata njia hiyo katika historia yake ya siasa ya Wapare, iliyotoka kitabu mwaka 1969. Kwa Kiiraqw tunayo hata mizani ya kupimia. Matini alizokusanya Paul Berger miaka ya 1930 zilichapishwa mwaka 1998 pamoja na Roland Kießling, na anayerekodi slufo leo ana cha kulinganisha nacho. Kilichobadilika katikati si hasara; ndicho kinachomwambia watu walianza kuhofia nini na kutumaini nini. Na asidhani mtu kwamba maandishi yamesalimika na ugonjwa wa kurudiwa. Rekdal huyohuyo, mwaka 2014, alifuatilia kisa kinachorudiwa na wasomi kwamba sifa ya spinachi kuwa na chuma kingi ilitokana na nukta ya desimali kuwekwa mahali pasipo pake. Alikuta kila mwandishi akimtegemea mwenzake, na chini ya wote hakuna kitu. Wasomi nao wana mapokeo yao, ila yao huitwa rejea.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: je, hatuwavunjii heshima wazee tunapopima maneno yao? Mfano wa pwani unatuliza hofu hiyo. Kwa miaka mingi wasomi waliitazama simulizi ya asili ya Kishirazi kama majivuno ya kubuni. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Waswahili, ukaonyesha kwamba tangu karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walichanganya damu na wanawake wa Kiafrika. Simulizi ilikuwa na kweli ndani yake, ingawa haikueleza kila kitu, maana upande wa akina mama ulikuwa wa hapa hapa. Kipimo kilekile kinachoiangusha simulizi ya Iraq kinaweza kuiinua nyingine. Anayekubali kila simulizi na anayekataa kila simulizi wamefanana: wote wawili hawajamsikiliza mzee hata akamaliza.

Wapo watakaouliza kama nchi yenye shida ya barabara na zahanati inahitaji tasnifu za slufo na matuta. Jibu liko Mbulu kwenyewe. Yusufu Lawi, aliyepata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 2000 kwa utafiti wa maarifa ya wenyeji na matumizi ya maliasili katika nchi ya Wairaqw kuanzia 1900 hadi 1985, aliandika baadaye, mwaka 2007, kuhusu Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwahamishia watu vijijini, katika mashariki ya nchi hiyo kati ya 1974 na 1976. Alionyesha jinsi uhamishaji ulivyowatenga watu na mandhari waliyokuwa wameisoma na kuielewa kwa vizazi. Waliopanga kuwahamisha waliona nyumba zilizotawanyika, wakadhani ni fujo. Haikuwa fujo, ulikuwa ujuzi. Serikali inayodhani watu hawana historia huwapangia maisha kana kwamba wamefika jana, na gharama yake hulipwa shambani.

Limebaki jambo moja, nalo linamhusu kijana wa Tlawi au Dongobesh anayejiandaa kuomba nafasi ya uzamili. Kazi nilizozitaja, isipokuwa chache, zimeandikwa kwa Kiingereza, na kadhaa zililala kwanza katika maktaba za Bergen, Stockholm na Boston. Simulizi ya Iraq ilianza safari yake katika maandishi ya wageni, ikafika Mbulu, ikapata wasimulizi. Sahihisho lake haliwezi kubaki ughaibuni likatarajia kushinda. Halina budi kusafiri njia hiyohiyo, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, kwenye kitabu cha shule, redioni na katika baraza za wazee. Tasnifu isiyorudi mahali ilikochota huwaachia watu kile walichokuwa nacho mwanzo. Lisemwalo litaendelea kuja. Lililothibitishwa nalo linastahili kuletwa.