Tishali la Matanga

Katika mto Thames, Uingereza, kulikuwa na chombo kifaacho kuitwa tishali la matanga. Hakina mkuku; chini ni bapa, hata maji yakipwa hukaa wima topeni, kikapakuliwa. Upande wa demani huteremshwa ubao mpana, upepo usikisukume kando. Mtu na mwenziwe tu hukiendesha.

Kimoja, Cambria, kiliundwa Greenhithe mwaka 1906, kikachukua shehena bila mtambo hata 1970, cha mwisho miongoni mwa vyombo vya Waingereza. Kisha kikaoza. Mafundi wa Faversham walikiunda upya, 2007 hata 2011, wakabadili mataruma na mbao nyingi. Je, ndicho kile kile? Mabaharia wetu, ambao mbao za jahazi huzibadili zikioza, wasingaliuliza. Sasa hushindana tena na wenziwe.