Imba Kabla ya Kugusa Uzi

Wanaojifunza gitaa siku hizi hutazama vidole vya mtu kwenye video, nao huweka vyao palepale. Wimbo unatoka, na hilo linatia moyo. Lakini mwombe mtu huyohuyo apige wimbo wa kwaya alioujua tangu utotoni, bila video, uone kama sikio nalo lilihudhuria darasa. Kwangu, sikio lianze siku ya kwanza, na njia yake ni kuimba. Noti usiyoweza kuiimba, hata kwa mluzi, bado hujaisikia vizuri.

Anza na kutyuni. Programu ya simu inafaa jukwaani penye kelele. Nyumbani iweke kando. Ukishapata uzi wa tano, ambao ni A ya mitetemo 110 kwa sekunde, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya tano, upige nyuzi zote mbili pamoja. Zikipishana kidogo utasikia sauti ikivimba na kunywea, wa-wa-wa. Zikitofautiana kwa mitetemo miwili, sauti huvimba mara mbili kila sekunde. Kaza au legeza uzi wa sita taratibu, na mvumo huo utapunguza kasi, utarefuka, kisha utatoweka. Zoezi hili hulifundisha sikio subira, na halina gharama yoyote.

Mpangilio wa nyuzi nao ni shule. Kutoka uzi wa sita kwenda wa tano ni do kwenda fa. Ndivyo ilivyo kwa nyuzi nyingine zinazofuatana, isipokuwa wa tatu kwenda wa pili, ambako ni do kwenda mi. Aliyepitia solfa kanisani ana mtaji mkubwa hapa. Piga uzi mmoja, uite do, imba fa, ndipo upige unaofuata usikie kama mmekutana.

Kwenye kodi, wengi hukimbilia kusikiliza gitaa la solo kwa sababu linang'aa. Fuata besi. Tafuta kwanza noti ambayo wimbo ukifika unatulia: hiyo ndiyo do. Tuseme umeipata kwenye uzi wa sita, freti ya tatu, yaani G. Fa iko uzi wa tano, freti hiyohiyo. So iko freti mbili mbele yake. Sehemu nyingi za sebene katika rumba ya Kongo huzunguka kodi za noti hizo tatu tu, kwa hiyo ukiisikia besi inakohamia, umeshaijua kodi. Jihadhari na kodi ndogo ya la. Ina noti mbili kati ya tatu za kodi ya do, na huwalaghai hata wazoefu. Besi ndiyo inayokata shauri.

Ukishazoea hapo, chukua rekodi ya TPOK Jazz, bendi ya Franco. Kati ya gitaa la solo na la rithimu hukaa jingine, mi-solo, linalojaza nafasi katikati. Weka gitaa lako chini, ufuate hilo moja tangu mwanzo hadi mwisho, ukiimba kila linachopiga. Litakuponyoka, maana wenzake wanapiga karibu nalo sana. Likikuponyoka, usirudi mwanzo wa wimbo. Rudi sekunde chache nyuma, pale ulipolishika mara ya mwisho, uimbe tena.