Asidi Usoni, Jua la Nyasa

Msimu wa kahawa ukinoga, Mbinga inachangamka kinoma. Mkwanja wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, umeingia, bodaboda hazilali, na wachuuzi wa urembo wanatandaza mzigo: wigi, kope, wanja, na siku hizi vichupa vya maji ya njano vinavyoitwa "pilingi". Paka usiku mara tatu, ngozi inabanduka, unatokea na sura mpya. Hivyo ndivyo unavyoimbiwa. Masista duu wananunua, na masela wananunua vilevile, ila wao wanakitia kichupa mfukoni chapchap na kuondoka kama hawakusimama pale.

Sina noma na mtu kuupenda uso wake. Chunusi zikikushika, halafu zikaacha madoa meusi mashavuni, unaanza kukwepa kamera na hata kijiweni huendi. Inauma, na anayekwambia "hiyo ni kawaida tu" hajawahi kupitia. Kinachonikera ni kitu kingine: mtaani jina la tiba limebandikwa kwenye sumu, na wana wanalipa mshiko wao wenyewe ili waungue.

Pilingi ya ukweli ipo, na siyo ya leo. Daktari wa ngozi wa Hamburg, Paul Gerson Unna, alishaandika mwaka 1882 namna ya kutumia asidi kumenya tabaka la juu la ngozi. Zinazotumika sana sasa ni tatu: glaikoliki, ambayo asili yake ni muwa, laktiki ya maziwa yaliyochacha, na salisiliki, ambayo watu waliijua kwanza kupitia magome ya mti. Juu ya ngozi yako kuna seli zilizokufa, zimeshikana. Asidi inalegeza mshikano huo, zinapukutika, na za chini zinapanda. Ngozi yenyewe hufanya kazi hiyo kwa takriban mwezi mmoja. Asidi inaiharakisha tu. Salisiliki ina ujanja wa ziada, inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inapenya hadi ndani ya kitundu kilichoziba. Ndiyo maana watu wa chunusi wanaikubali.

Mtoto wa Mbinga anaielewa hii bila darasa. Kahawa ikishamenywa ganda jekundu, punje inabaki na ute. Unailaza kwenye tangi, vijidudu vinautafuna ule ute na kutengeneza asidi, laktiki ikiwemo, hadi ute unaachia na unaosha. Ukiwahi, punje bado inateleza. Ukichelewa, kahawa imechacha na daraja limeshuka, hata uilaumu mvua. Uso nao uko hivyohivyo. Asidi ni ileile, kinachotofautisha tiba na kidonda ni nguvu yake, muda, na mkono ulioishika.

Mtaalamu hakupaki na kukuacha ulale nayo. Anakuuliza kwanza unatumia nini, una mimba au huna, ukijikata kidonda kinaacha kovu nene au la. Anausafisha uso mafuta yote, anapaka tabaka jembamba, halafu anaangalia saa. Ni dakika chache tu. Glaikoliki lazima izimwe, kwa maji au kwa dawa ya kupunguza ukali. Unarudi baada ya wiki mbili hadi nne, na nguvu inapanda kidogokidogo. Kwa ngozi nyeusi anabaki kwenye pilingi nyepesi, maana ngozi yetu ikiumizwa inajibu kwa kumwaga rangi, na doa jipya laweza kuwa jeusi kuliko lile ulilokuja kulitibu. Zile za kina, kama ya fenoli, siyo za kwetu kabisa. Fenoli ikiingia mwilini inaweza kuvuruga hata mapigo ya moyo.

Sasa shuka na lami, kilomita kama 66 kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay. Unaanza na sweta, unafika umelowa jasho. Ule ubaridi wa milima ya Umatengo, kule Mbinga, unadanganya sana. Watu wanadhani hakuna jua, wakati huko juu miale yake ndiyo mikali zaidi. Huku chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa hakuna wa kudanganywa. Dagaa wanaanikwa mchana kweupe, na anayewaanika yupo hapohapo nao, anageuza, anafukuza kunguru.

Nilipiga stori na dada mmoja muuza dagaa kule. Mashavu yake yamepauka, lakini juu ya mifupa ya uso kuna mabaka ya kijivu cheusi, na mstari unapita chini ya taya kama mpaka. Viungo vya vidole vimegoma kabisa, vimebaki na rangi yake ya kuzaliwa.

"Dada, samahani, hii ilianzaje?"

"Nilikuwa na vidoa viwili tu, mdogo wangu. Nikapewa kichupa. Ngozi ikabanduka, ikatokea laini, nikafurahi. Kesho yake nikarudi kwenye dagaa. Ningekaa ndani, watoto wangekula nini?"

Swali hilo mchuuzi hakumuuliza. Ngozi iliyomenywa leo haina ngao. Inahitaji kivuli, kofia pana, na mafuta ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi, yanayorudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Bila hivyo unalipia madoa. Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi: kama kazi yako ni mtumbwini au kwenye vichanja vya dagaa, achana na pilingi, hata ile nzuri. Chunusi zitibu taratibu. Duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, paka kidogo usiku, na tumia shuka la zamani kwa sababu dawa hiyo inafuta rangi ya kitambaa. Uvumilie wiki sita hadi nane.

Na ndani ya kile kichupa kuna nini? Mara nyingi ni mkorogo uliobadilishwa jina: haidrokwinoni, steroidi kali kama klobetasoli, au zebaki. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na ukiacha ghafla uso unalipuka vipele, unakimbilia kupaka tena. Hapo umeshanaswa. Zebaki inaharibu figo, na mama mjamzito anampitishia mtoto tumboni. Kuna mkataba wa dunia wa mwaka 2013 unaopiga vita zebaki, hata kwenye vipodozi. Unaitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambao watu wake walikula samaki wa ghuba yao wakati kiwanda kinamwaga zebaki majini. Sisi tunaokula samaki wa ziwani kila siku tusipite hapo kama hatujasikia. Hapa nchini vipodozi vya namna hiyo ni marufuku, na tangu 2019 usimamizi wake umetoka mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, na kwenda shirika la viwango, TBS. Kichupa kisicho na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, kirudishe mezani.

Wataalamu wapo, ingawa huku kusini wako mbali na wengi wetu. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha RDTC kinachofundisha matabibu wa ngozi tangu 1992, na ndiko mafuta ya Kilisun yanakotengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Anza na hospitali iliyo karibu, iwe Litembo, Liuli au Songea, uulize kliniki ya ngozi ya jirani iko wapi. Nauli hiyo ni afadhali kuliko vichupa kumi.

Masela, ninyi na vile vipele vya ndevu. Najua ndivyo vinavyowapeleka kwa mchuuzi. Nywele zetu zina msokoto, ukinyoa hadi mzizini zinajikunja na kuchoma ngozi kutoka ndani, na hapo panavimba. Kabla ya asidi yoyote, acha wembe kwa wiki nne. Halafu nenda kinyozi, mwambie atumie mashine na akuachie kivuli kidogo cha ndevu. Na hakikisha ameisafisha kwa spiriti mbele ya macho yako.