Samaki wa Maji ya Mpakani (3): Domodomo, mwili uliojengwa kwa ajili ya umeme

Domodomo ni samaki wa maji baridi anayetoa umeme hafifu kutoka mkiani. Wanasayansi humwita Mormyrus kannume. Jina hilo alipewa na Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe kutoka Sweden aliyekusanya mimea na wanyama wa Misri kisha akafariki Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr. Waluo humwita suma, na Waganda kasulubana. Makazi yake ni bonde la Nile, tangu Misri hadi maziwa Albert, Edward, Kyoga na Victoria.

Busia na Tororo ni nchi ya mabonde mawili. Mto Sio, ambao kwa sehemu ndio mpaka wa Kenya na Uganda, humwaga maji yake Ziwa Victoria. Mto Malaba hugeuka magharibi, ukaingia Mpologoma na hatimaye Ziwa Kyoga. Wakazi wa eneo hilo wako karibu na mito hiyo, na maji yake yana samaki wa jamii ya domodomo, ingawa wengi huwala bila kujua kwamba mkononi wameshika mmoja wa viumbe wenye maumbile ya ajabu kuliko wote wa Afrika.

Kwa kumtazama nje, domodomo ni samaki mrefu, mwembamba ubavuni, mwenye rangi ya shaba iliyochanganyika na kijivu mgongoni na weupe hafifu tumboni. Anaweza kufikia urefu wa mita moja, lakini wengi wanaoletwa sokoni ni nusu ya hapo au chini yake. Magamba yake ni madogo na ngozi ina ute mwingi, hivyo huponyoka mkononi kwa urahisi. Kinachomtambulisha mara moja ni pua na taya zake, ambazo zimerefuka mbele zikawa bomba lililopinda kidogo kuelekea chini. Mdomo wenyewe ni tundu dogo lililo kwenye ncha ya bomba hilo, na ndani mna meno machache, madogo. Kwa samaki mchanga bomba ni fupi. Hurefuka kadiri anavyokua.

Mdomo wa namna hiyo haumezi samaki wakubwa. Kazi yake ni kuchokoa chakula kwenye tope na katika nyufa za mawe. Domodomo hula usiku, na chakula chake kikubwa ni mabuu ya wadudu, hasa ya usubi wale ambao wakishakomaa huruka kwa mawingu mazito juu ya Ziwa Victoria. Mabuu hayo yamejificha ndani ya tope, gizani, mahali ambapo jicho halifui dafu. Na kweli macho ya domodomo ni madogo na yamefunikwa na ngozi. Kuona si tegemeo lake.

Mapezi yake nayo yamekaa kwa namna isiyo ya kawaida. Pezi la mgongoni huanza si mbali na kichwa na kunyooka hadi karibu na mkia, likiwa na miale zaidi ya hamsini. Pezi la chini, lililo nyuma ya tundu la haja, ni fupi sana likilinganishwa na hilo, na lina miale takribani ishirini. Tofauti hii ya urefu ni alama nzuri ya kumtofautisha domodomo na jamaa zake wadogo, ambao mapezi hayo mawili hukaribiana zaidi. Baada ya mapezi hayo mwili hukonda ghafla, ukawa kikonyo chembamba, kisha huishia kwenye pezi la mkia lililogawanyika panda mbili.

Kikonyo hicho ndicho kiini cha habari yote. Nje kinaonekana kama sehemu dhaifu isiyo na nyama ya kutosha, na mpishi hukitupa. Ndani yake mna kiungo cha umeme. Anayempasua samaki wa jamii hii kwa makini hukuta humo mifupa mirefu, myembamba, iliyolala sambamba na uti wa mgongo, juu na chini. Wataalamu huiita mifupa ya Gemminger, kwa jina la Mjerumani aliyeieleza katika karne ya 19. Kati ya mifupa hiyo na uti wa mgongo pamejaa nguzo nne za seli pana, nyembamba, mbili juu na mbili chini. Seli hizo zimepangana moja nyuma ya nyingine kama sarafu katika kibunda. Asili yake ni misuli. Zamani za kale katika ukoo wa samaki hawa zilikuwa seli za kusukuma mkia, zikaacha kujikunja na kubaki na kazi moja tu ya kutoa umeme.

Seli moja peke yake hutoa umeme kidogo mno, kama sehemu ya kumi ya volti hivi. Lakini kwa kuwa zimepangwa mfululizo, umeme wa kila moja hujumlishwa na wa jirani yake, kwa kanuni ileile ya betri za tochi zinazofuatana ndani ya mfuko mmoja. Amri hutoka katika fungu dogo la neva lililo nyuma ya ubongo, hushuka kwa uti wa mgongo na kuzifikia seli zote kwa wakati mmoja. Zikichelewana hata kidogo, mpigo huharibika. Matokeo yake ni mpigo mfupi wa volti chache, unaokwisha ndani ya milisekunde chache. Samaki aliyetulia hutoa mipigo michache kwa sekunde. Akianza kupekua au akishtuka, mipigo huongezeka hadi makumi kwa sekunde. Mvuvi anayemtoa ndoanani hasikii chochote.

Hapo ndipo domodomo anapotofautiana na kambare wa umeme, Malapterurus, ambaye wengi humchanganya naye. Kambare huyo ana umeme wa kupooza windo na kumtetemesha binadamu, hadi kiasi cha volti 350, na kiungo chake cha umeme kimeuzunguka mwili karibu wote chini ya ngozi. Anaishi Ziwa Albert na sehemu za chini za Nile. Maporomoko ya Murchison yamemzuia kupanda, hivyo hayumo Kyoga wala Victoria. Mtu wa Busia au Tororo anayeogopa kupigwa na umeme wa samaki wa mito ya kwao hana sababu ya kuogopa.

Umeme hafifu una faida gani basi? Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Charles Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, aliviweka viungo vya umeme vya samaki miongoni mwa mambo magumu kuelezeka. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1951, pale Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipochapisha habari za Gymnarchus niloticus, jamaa wa karibu wa domodomo anayeishi katika Nile na Ziwa Turkana. Samaki huyo hutoa umeme mfululizo, na aliweza kuogelea kinyumenyume bila kugonga vitu. Mwaka 1958 Lissmann na Kenneth Machin walionyesha namna samaki anavyotumia umeme wake kutambua vitu vilivyomzunguka.

Kila mpigo wa mkia huweka uwanja wa umeme katika maji kuzunguka mwili. Jiwe halipitishi umeme vizuri, kwa hiyo huusukuma uwanja huo pembeni. Buu, mmea au samaki mwingine hupitisha umeme kuliko maji ya mto, hivyo huuvuta. Mabadiliko hayo madogo huiangukia ngozi ya domodomo, na ngozi hiyo imejaa vipokezi. Vipo vya aina tatu. Vya kwanza hupima mabadiliko ya umeme wa samaki mwenyewe na ndivyo vinavyomwonyesha umbo na umbali wa kitu. Vimesongamana kichwani, mgongoni na tumboni, na havipo ubavuni katikati. Vya pili husikia umeme dhaifu wa polepole unaotoka katika mwili wa kiumbe chochote kilicho hai, hata kiwe kimejificha. Vya tatu ni vya mawasiliano, kwa kuwa hupokea mipigo ya samaki wengine. Kila spishi ina umbo lake la mpigo, hivyo samaki hutambua gizani nani ni wa kabila lake na nani si wake.

Tukiyajua hayo, maumbile mengine yote ya domodomo yanaeleweka. Samaki wa kawaida husogea kwa kuupinda mwili huku na huku. Domodomo akifanya hivyo mkia wake, yaani chanzo cha umeme, utahama kila mara na kipimo kitavurugika. Ndiyo maana anapopekua hukaza mwili na kujisukuma zaidi kwa mawimbi ya lile pezi refu la mgongoni. Ngozi yake nene, yenye tabaka nyingi za seli bapa, huuzuia umeme usipenye ovyo mwilini na kuuelekeza kwenye vipokezi.

Ubongo ndio unaostaajabisha zaidi. Sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoitwa serebela, kwa samaki hawa imekua hadi ikafunika sehemu nyingine zote. Göran Nilsson alipima mwaka 1996 jamaa mmoja wa domodomo, Gnathonemus petersii wa Afrika Magharibi na Kati, akakuta ubongo wake ni takribani asilimia 3 ya uzito wa mwili na hutumia kama asilimia 60 ya oksijeni yote anayovuta. Kwa binadamu kiasi hicho ni asilimia 20 tu. Sehemu ya kazi hiyo kubwa ni kutenganisha umeme wa samaki mwenyewe na ule wa nje. Kila amri ya kutoa mpigo inapotumwa mkiani, nakala yake hupelekwa kwenye sehemu zinazopokea taarifa, ili ubongo ujue nini cha kutarajia na nini ni kipya. Curtis Bell alieleza mwaka 1981 kwamba nakala hiyo hurekebishwa kila mara kulingana na yanayotokea. Samaki hujifunza, kwa maneno mengine, mpigo baada ya mpigo.

Yapo mengine mawili yasiyostahili kuachwa. Ndani ya kila sikio la samaki hawa mna kifuko cha hewa, kilichomegeka kutoka kibofu cha hewa wakati wa udogo, na kwa sababu hiyo husikia sauti vizuri kuliko samaki wengi. Na mbegu zao za kiume hazina mkia wa kuogelea. Katika wanyama wote wenye uti wa mgongo, hali hiyo imejulikana kwa domodomo, jamaa zake na Gymnarchus peke yao.

Jamii ya domodomo ina spishi zaidi ya 200, zote za Afrika. Katika bonde la Ziwa Victoria wamo pia Marcusenius victoriae, Gnathonemus longibarbis mwenye kidevu kirefu, Hippopotamyrus grahami, Pollimyrus nigricans na Petrocephalus, ambao ni wadogo na hawana bomba refu la domodomo. Hao ndio wanaohusika zaidi na mito ya mpakani. P. J. P. Whitehead alieleza mwaka 1959 jinsi baadhi yao wanavyotoka ziwani na kupanda Mto Nzoia, Kenya, wakati wa mafuriko ili kutaga. J. Okedi, wa taasisi ya utafiti wa samaki ya Afrika Mashariki iliyokuwa Jinja, aliongeza maelezo ya kuzaliana kwao mwaka 1969 na 1970. Wengine huishi katika mabwawa ya mafunjo, ambako oksijeni ni haba. Kwa kiumbe mwenye ubongo wenye njaa kiasi kile hilo ni jambo la kushangaza, na uchunguzi uliofanywa na Lauren Chapman na wenzake katika mabwawa ya Ziwa Nabugabo, Uganda, unaonyesha kuwa matamvua makubwa ndiyo yanayowasaidia.

Wamisri wa kale walimheshimu samaki huyu, hasa katika mji mmoja. Wagiriki waliuita mji huo Oxyrhynchus, kwa jina la samaki huyo, na leo ni El-Bahnasa. Sanamu za shaba za samaki mwenye bomba la mdomo, aliyevikwa pembe na duara la jua kichwani, bado zimo katika majumba ya makumbusho.

Domodomo mwenyewe hayumo katika orodha ya samaki wanaokaribia kutoweka. Hali ya jamaa zake wapandao mito ni ya kuangaliwa zaidi. Ziwani walikutana na sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Mitoni hukutana na nyavu na migono inayoziba mto kutoka ukingo hadi ukingo majira ya mvua, wakati majike yamejaa mayai. Uvuvi wa ningu, samaki mwingine apandaye mito, uliporomoka katika Mto Nzoia kwa nyavu za namna hiyo midomoni mwa mito. Maji ya Sio na Malaba yakichafuka kwa udongo wa mashamba au kwa zebaki ya wachimbaji wa dhahabu wa Busia, mabuu ya topeni huathirika, na wanaoyategemea nao huathirika. Wavuvi, wakulima na wachimbaji wa pande zote mbili za mpaka wauache mto wazi walau katika wiki za kwanza za mafuriko, na waache mafunjo ya kingo yasimame.