Hujawahi kupika samaki? Anza na mukene

Hapa Nakivale kuna watu wengi ambao hawajawahi kupika samaki hata mara moja. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilizaliwa katika familia ya wafugaji, milimani juu ya Uvira, na kwetu kitoweo kilikuwa maharage, sombe na maziwa. Samaki tulimwona kama chakula cha watu wa ziwani. Nilipofika hapa nikakuta Wasomali waliokulia mbali na bahari wanasema hivyohivyo, na wazee wa Kihima, wenyeji wetu wa Isingiro, nao walilelewa bila kula samaki. Kwa hiyo kama unapita sokoni Base Camp ukiziba pua kwenye meza za samaki, usione haya. Tuko wengi.

Shida ni kwamba maziwa tuliyaacha kule pamoja na ng'ombe. Msaada wa chakula umepungua, na familia nyingi zimeondolewa kabisa kwenye orodha. Mtoto anayekula posho na majani kila siku anashiba, lakini hakui vizuri. Nyama ni ya sikukuu. Mayai ni ya kuhesabu. Kinachobaki, ambacho mtu anaweza kununua hata kwa pesa kidogo, kikombe kimoja au nusu, ni mukene.

Mukene ni jina la Uganda. Mkenya atakuambia omena, Mtanzania dagaa. Watu wa Uvira, Baraka na Bujumbura wanao ndagala wa Ziwa Tanganyika, na watu wa Bukavu na Goma wanao sambaza wa Ziwa Kivu. Si samaki wa aina moja, lakini wakishakaushwa jikoni ni ndugu, na maelezo haya yanawafaa wote. Mukene wengi wa sokoni wametoka Ziwa Victoria, ambako huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani asubuhi.

Uzuri wao ni kwamba unakula samaki mzima, kichwa na mifupa pamoja. Ndani ya mifupa ile midogo ndimo mna kalisi, kile ambacho mtoto wa mfugaji alikuwa akipata kwenye maziwa. Mna pia protini, chuma na zinki. Na kuna jambo ambalo mama anayenunua makaa atalielewa haraka: maharage makavu hukaa kwenye sigiri saa mbili na zaidi, mukene wanaiva ndani ya dakika kumi na tano.

Sasa nikuambie nilivyoharibu. Mara ya kwanza nilinunua kikombe kizima, nikawamwaga kwenye maji yanayochemka, nikatia chumvi, nikafunika. Chakula kilikuwa kichungu, kinanuka, na kila ukitafuna unasikia mchanga kwenye meno. Watoto walikataa. Nilimwaga sufuria yote nikasema sirudii tena. Jirani yangu, mama wa Uvira, aliona nilichomwaga, akaniita: "Mwanangu, samaki hana kosa. Njoo kesho nikuonyeshe." Karibu yote ninayokuandikia hapa nilijifunza kwenye sigiri yake.

Kwanza, kununua. Wachukue wachache mkononi uwaangalie. Mukene mzuri anang'aa kama fedha, ni mkavu, na ukimvunja anakatika. Aliyegeuka njano au kahawia mafuta yake yameharibika, na huyo ndiye mwenye ule uchungu unaokwaruza koo. Wanaopinda bila kukatika bado wana unyevu na wataota ukungu nyumbani kwako. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, au ukinusa harufu ya dawa, acha, hata kama bei imeshuka. Muulize muuzaji kama ni wa kula au wa kuku. Sokoni huuzwa wote wawili. Wa kuku kwa kawaida wameanikwa chini kwenye udongo, wana mchanga na vipande vya konokono, na ndiyo sababu ni rahisi. Walioanikwa juu ya nyavu au vichanja ni wasafi zaidi. Ukiweza kuongeza pesa kidogo kwa ajili yao, utaokoa maji na kazi.

Pili, kusafisha. Hapa ndipo sisi wageni wa samaki tunapokosea. Wamwage kwenye sinia, toa mawe, majani na visamaki vilivyooza. Kisha waweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, wageuze taratibu kwa mkono, na usubiri kidogo. Mchanga unazama. Sasa usimwage maji pamoja na samaki, kwa sababu mchanga utarudi juu yao. Wainue samaki kwa mikono na kuwahamishia kwenye chombo kingine. Mwaga maji yale, rudia mpaka chini ya beseni pasionekane mchanga, mara mbili au tatu. Usiwaloweke muda mrefu. Watalainika na kuvunjika. Najua maji ya bomba yana foleni. Kama samaki hawakutiwa chumvi, maji yale yapeleke kwenye mchicha wako nyuma ya nyumba.

Vichwa je? Wengine huvitoa kwa sababu ya uchungu. Kwa mukene wadogo mimi naviacha. Ukiondoa kichwa na tumbo la samaki mwenye urefu wa kidole, umebaki na nini?

Tatu, kukaanga bila mafuta. Hii ndiyo hatua iliyobadilisha kila kitu nyumbani kwangu. Chuja maji vizuri, weka samaki kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, geuza bila kuacha kwa dakika tano hadi saba mpaka wakauke na kuanza kutoa sauti kama majani makavu. Ile harufu nzito inaondoka na moshi, na inabaki nyingine tamu, kama ya karanga. Fanya kazi hii nje au mlangoni. Moto ukiwa mkali wataungua, na uchungu utarudi.

Baada ya hapo umeshamaliza sehemu ngumu. Kwa watu watano au sita, kikombe kimoja cha mukene kinatosha. Kaanga kitunguu kimoja kwa kijiko kimoja cha mafuta, ya mawese kama unayo. Tia nyanya mbili au tatu zilizokatwa, chumvi kidogo, funika mpaka nyanya zivunjike. Weka samaki wako, ongeza nusu kikombe cha maji, acha kwa dakika tano mpaka kumi. Ukikamulia limao mwishoni, hata anayechukia samaki atauliza umepika nini. Kula na posho, bugali wa muhogo, wali au viazi.

Kwa anayeanza kabisa, ningependekeza njia ya Waganda: mukene ndani ya karanga. Koroga vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa katika maji ya uvuguvugu, mimina juu ya kitunguu na nyanya, chemsha kwa moto mdogo ukikoroga ili zisishike chini, halafu tia samaki. Karanga zinafunika harufu, na hazihitaji mafuta mengi. Watoto wangu walianzia hapo. Sijui kama walijua wanakula samaki siku ile ya kwanza, na mimi sikuwauliza.

Kwa mtoto mdogo, njia bora ni unga. Mtoto aliyefika miezi sita, aliyeanza kula uji, hawezi kutafuna mukene, lakini unga wake anaweza. Chagua samaki wasafi kabisa, wasio na chumvi. Osha, kausha tena juani juu ya kitambaa safi, ukifunika kwa chandarua au kitambaa chepesi ili nzi wasitue. Kaanga bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole. Wakipoa, twanga kwenye kinu kikavu, chekecha, na urudie kutwanga mabaki mpaka usisikie mfupa ukipima kwa vidole. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko na utengeneze kidogokidogo, wa wiki moja au mbili tu.

Unapopika uji, tia unga huo ukiwa bado motoni na uache uchemke dakika chache. Anza na nusu kijiko cha chai kwenye bakuli la mtoto. Mwangalie siku hiyo na inayofuata. Akiwashwa, akitoka vipele, akitapika, acha. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya, usisubiri asubuhi. Asipopata shida, ongeza mpaka kijiko kimoja kamili. Endelea kumnyonyesha kama kawaida. Na mtoto ambaye tayari amekonda sana, au miguu imevimba, au nywele zimebadilika rangi, usimtibu kwa mukene nyumbani. Huyo mpeleke kwa VHT wa kijiji chenu apimwe mkono, kwa sababu anahitaji chakula maalumu na dawa.

Ukishazoea harufu ya mukene, samaki mkubwa hatakuogopesha. Ngege mbichi hupatikana hapa kwa sababu ziwa liko karibu. Angalia macho: yawe maangavu na yamejaa, yasiwe yamezama. Fungua mashavu: ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi. Sheria ya Uganda inakataza samaki wachanga, kuwavua, kuwauza na hata kuwasafirisha, kwa hiyo wale wadogo wa bei ya kuvutia waache. Magamba unayaparua kwa kisu kutoka mkiani kwenda kichwani. Pasua tumbo, toa matumbo na mashavu, osha. Kumkaanga kunakula mafuta mengi. Mpike kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu, vipande vikae kimoja kimoja, na usikoroge kwa kijiko. Shika sufuria utikise. Akiwa ameiva, nyama inakuwa nyeupe na inaachia mfupa yenyewe, kama dakika kumi na tano hivi.

Miiba ndiyo hofu ya wengi. Mtoto mchambulie kwa vidole vyako, penye mwanga, na asile huku akicheka na kukimbia. Mwiba ukikwama kooni usimlazimishe kumeza tonge la ugali. Linaweza kuusukuma ndani zaidi. Mpeleke kituo cha afya.

Kuhifadhi: mukene wakavu wasikae kwenye kaveera iliyofungwa, hasa ndani ya nyumba ya bati au turubai, kwa sababu wanatoa jasho na kuota ukungu. Waweke kwenye gunia dogo au ndoo kavu, juu, mbali na panya, na uwaanike juani kila baada ya siku kadhaa. Waliopikwa, kama huna friji, waishe siku hiyohiyo. Ukilazimika kuwabakiza kwa jioni, wachemshe tena mpaka watokote.

Na kama unapikia wageni, uliza kwanza. Waislamu wengi wanakula samaki bila shida, kwani hahitaji kuchinjwa, na ndiyo maana ni kitoweo kizuri mnapokula pamoja na majirani Wasomali. Wasabato wengi hawali kambare na mamba wa majini, yule anayeitwa emmamba hapa Uganda, lakini mukene na ngege wanakula. Jirani yangu wa Uvira anakula wote, na siku hizi akinikuta nimeziba sufuria hupiga hodi akiwa tayari ameshika sahani.