Dada, kipimo cha mlango wa kizazi si cha kunong'onezwa

JUMAMOSI moja asubuhi, hema jeupe lilipigwa kando ya steji ya mtaani kwetu hapa Eastlands, Nairobi. Nesi akashika kipaza sauti: "Akina mama na akina dada, karibuni. Leo tunapima saratani ya mlango wa kizazi. Ni bure."

Jamaa mmoja wa bodaboda akamjibu kwa sauti: "Huo mlango uko wapi nibishe hodi?" Steji nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja muuza nyanya, aliyekuwa tayari amefunika meza yake ili aende, akaifunua tena. Akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Sitakudanganya, nami nilicheka. Nilikuwa na miaka 22, niko chuoni, na niliona heri mambo kama hayo yasemwe ndani ya nyumba. Jirani yetu alikuwa kando yangu akisema, "Mambo ya wanawake hayatangazwi kama bei ya sukuma wiki." Nikaitikia kwa kichwa.

Leo nina miaka 26 na nimebadilisha mawazo kabisa. Acha nikuambie kwa nini, halafu utaamua mwenyewe.

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa akinilipia karo. Aliuza nguo za watoto sokoni, na kila muhula doo ziliingia kwa simu yangu bila yeye kukumbushwa. Hedhi yake ilikuwa imekoma kitambo, kisha damu ikaanza tena. Akanyamaza. Alivaa sketi nyeusi, akajifunga leso mbili, akaendelea kuuza. Karibu mwaka mzima ulipita kabla hajamnong'onezea mamangu jikoni.

Alipofika hospitali, saratani ilikuwa imefika hatua ya tatu. Familia ikafungua kundi la WhatsApp, tukachanga. Pesa za karo zikaenda kwa mionzi, kemo na nauli. Nikaacha chuo mwaka wa pili, na hilo silijutii hata kidogo. Kinachonikera mpaka leo ni swali aliloniuliza akiwa kitandani, siku daktari alipotueleza kuwa ugonjwa huu unaweza kukamatwa mapema. Alinigeukia akaniuliza, "Kwani kulikuwa na kipimo? Kilikuwa wapi siku hizo zote?"

Kilikuwa katika zahanati ileile aliyowapeleka watoto wake wanne kuchanjwa. Dakika kumi kwa miguu kutoka kibanda chake. Hakuna aliyewahi kumwambia, si kwa siri, si kwa sauti. Tulimzika miaka miwili iliyopita.

Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo walivyosema wahenga. Lakini shangazi hakuficha peke yake. Sisi tuliocheka pale steji tulimsaidia kuficha.

Sasa tazama hesabu. Kila mwaka zaidi ya wanawake 5,000 nchini Kenya hugunduliwa kuwa na saratani hii, na zaidi ya 3,000 hufariki. Hiyo ni takriban wanawake tisa kwa siku. Matatu ya abiria 14 inajaa kila baada ya siku mbili, na wengine wanabaki steji.

Uchungu zaidi ni kwamba hii ni saratani inayokuja polepole. Husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kupitia ngono. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Vikikwama, seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kabla hazijawa saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na HIV bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka mitano hadi 10. Kwa hivyo nafasi ya kuzikamata ipo, tena ni ndefu.

Lakini utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49, ni kama 16 pekee waliokuwa wamewahi kupimwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka wawe 70 kufikia 2030, kila mmoja apimwe akifika miaka 35 na tena akifika 45. Niambie, tutafika huko kwa kunong'onezana jikoni?

Najua wengine wenu mnasema ni aibu kuzungumzia sehemu za siri hadharani. Sawa, nasikia. Ila kumbuka HIV. Wazazi wetu watakuambia kuna wakati mtu alikufa na familia ikasema ni nimonia au amerogwa. Kisha mwaka 1999 Rais Moi akatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Matangazo yakaingia redioni, kwenye kuta na hadi madarasani. Leo kijana wa mtaani anaongea kuhusu kupimwa HIV bila kumeza mate. Majibu yake yanabaki kuwa siri yake, ila kipimo chenyewe si siri tena.

Hapo ndipo tunapochanganya mambo. Mwili wako ni siri yako. Majibu yako ni siri yako. Lakini habari kwamba kipimo kipo, kinafanywa wapi na kinafanywaje, hiyo ni mali ya kila mtu.

Kuna pingamizi la pili, na hili ninaliheshimu zaidi. Wapo wanaosema matangazo huwaumbua wanawake. Ukionekana unaingia kwenye lile hema, watu wanaanza kuhesabu wanaume uliolala nao. Aki hiyo ni kweli, nimeisikia kwa masikio yangu. Ndiyo maana tangazo lenyewe lazima liseme ukweli wote: HPV ni virusi vya kawaida mno, na watu wengi walioanza ngono huvipata wakati fulani maishani, wanaume kwa wanawake. Mke aliyekuwa na mwanamume mmoja tu maisha yake yote anaweza kuvipata. Kondomu hupunguza hatari lakini haiiondoi yote. Kupimwa hakusemi lolote kuhusu tabia yako.

Pingamizi la tatu lilinipata mimi mwenyewe. Mwaka jana niliamua kwenda kupimwa, kwa sababu mwongozo wa Kenya unahimiza kipimo hiki kwa wanawake wa miaka 25 hadi 49. Niliona bango, nikaomba ruhusa kazini, nikapanda matatu mbili. Nilipofika nikaambiwa vifaa vimeisha, nirudi wiki ijayo. Manze, nilikaribia kulia. Nilikaa siku tatu nikijipa moyo, halafu naambiwa wiki ijayo? Mama mwenye kibanda akirudishwa hivyo mara moja, hamtamwona tena.

Kwa hivyo ndiyo, watangaze, lakini wanaotangaza wawe wamejipanga. Hema lisitazame steji. Vifaa viwepo. Na anayepatikana na dalili atibiwe siku hiyohiyo inapowezekana, kwa sababu seli zilizobadilika zinaweza kugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto palepale kliniki, bila kulazwa. Kumwita mwanamke kwa kipaza sauti kisha kumwacha na karatasi yenye habari mbaya bila kumwonyesha pa kwenda ni ukatili.

Nilirudi. Na kwa kuwa hakuna aliyenieleza kabla, nitakueleza wewe.

Unaingia chumba kilichofungwa, unavua nguo za chini, unafunikwa shuka. Unalala chali, magoti juu. Nesi anaingiza kifaa kinachofanana na mdomo wa bata ili aone ndani. Kinakera, kwangu kilikuwa baridi, lakini sikusikia uchungu wa kupiga kelele. Kisha anapaka siki iliyopunguzwa makali. Ndiyo, siki, jamaa ya ile vinega unayoiona kwenye kibanda cha chipsi. Anasubiri kama dakika moja. Penye seli zilizobadilika panageuka peupe. Kwangu hapakugeuka. Akaniandikia tarehe ya kurudi, nikavaa, nikatoka. Foleni ilinichosha kuliko kipimo.

Hicho si kipimo pekee. Kipo cha Pap, ambapo seli hutolewa na kupelekwa maabara. Kipo pia cha kutafuta virusi vya HPV vyenyewe, ambacho kwa kawaida hupendekezwa kuanzia miaka 30. Uzuri wa hiki ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, akiwa peke yake. Kama kizuizi chako ni kulala pale kitandani mbele ya mtu, uliza kama wanacho.

Nawe bro, usidhani hii si stori yako. Virusi hivi wewe pia unavibeba. Huhitaji kushika kipaza sauti. Lipa nauli, baki na mtoto, na jamaa akianza mzaha wa mlango steji, usicheke. Yule mama wa nyanya alihitaji mtu mmoja tu asiyecheka.

Na kama una binti au dada mdogo wa miaka 10, ujue Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa umri huo Oktoba 2019. Chanjo haiondoi haja ya kupimwa baadaye, lakini inampa mwanzo ambao sisi hatukuupata.

Jambo moja zaidi, na hili lishike vizuri. Kupimwa ni kwa mtu anayejisikia mzima. Ukiona damu baada ya ngono, au katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma, usingoje hema wala bango. Nenda kwa daktari wiki hii.

Siku ile nilipotoka kliniki nilimpigia mamangu nikiwa ndani ya matatu. Mtandao ulikuwa mbaya, nikalazimika kupaza sauti. "Mum, nimepimwa mlango wa kizazi. Hapana, haiumi. Wanatumia siki. Nakuja kukuchukua Jumatano tuende ukapimwe."

Makanga akageuka. Kijana aliyekaa kando yangu akatazama nje dirishani. Mama akanikemea, "Wewe, uko kwa gari, punguza sauti!"

Nilipokata simu, mtu alinigusa bega kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa mwanamke wa miaka kama 40 hivi, amepakata mfuko wa sokoni.

"Samahani, msichana wangu," aliniambia. "Hiyo kliniki iko wapi?"